Kisu kilichofichwa: picha za "mtu mwenye watu ndani yake" na binti wa bonde la Lukuledi

Barabara itokayo Masasi kwenda Nachingwea hupita Lukuledi katikati ya mikorosho, na msimu unapokwisha, korosho zikiwa zimekwishauzwa, bonde zima hutulia. Katika kimojawapo cha vijiji vya bonde hilo alitupokea mama mmoja, msomaji wa kurasa hizi za familia, ambaye wiki chache kabla alikuwa ametutumia ujumbe wa simu wenye swali moja tu: "Je, mwanangu ataniua?"

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa simu, kwa hiyo tulikwenda. Tulikaribishwa kwa ukarimu unaojulikana wa watu wa kusini, tukatandikiwa mkeka chini ya mwembe. Tulipokuwa tukingoja chakula tulimwona mwenyeji wetu akivuka ua mara mbili kwenda kwa jirani kumenya mihogo. Jikoni kwake hapakuwa na kisu. Visu, panga, shoka na hata mbuzi ya kukunia nazi vilikuwa vimefungiwa sandukuni kwa kufuli, na ufunguo wake ulikaa kwa mjomba wa watoto.

Tunayasimulia haya kwa ruhusa ya mama na ya binti mwenyewe, baada ya kuacha au kubadilisha kila jambo ambalo lingeweza kuwatambulisha. Tunayasimulia kwa sababu tunaamini kwamba si nyumba hiyo peke yake iliyoficha kisu.

Sauti ya mlangoni

Binti huyo ana miaka 16. Alikaa miaka miwili kwa jamaa mjini ili asome, kisha akarejea nyumbani kabla ya wakati wake, mpole kuliko alivyoondoka. Hakusema sababu, na hakuna aliyemuuliza sana. Walidhani ameshindwa masomo na anaona haya.

Miezi miwili baadaye, usiku mmoja baada ya Isha, alianza kusema kwa sauti ya mtoto mdogo. Sauti hiyo iliuliza kama mlango umefungwa, ikauliza tena, ikauliza mara ya tatu. Usiku mwingine ikaja sauti ya pili, nzito na kali, ya mwanamke mtu mzima, iliyojitaja kwa jina lisilo la binti. Mwenye sauti hiyo alisimama mlangoni mpaka adhana ya Alfajiri akimkataza kila mtu kusogea. Kulipokucha binti hakukumbuka lolote. Aliuliza tu kwa nini miguu inamuuma.

Jirani mmoja alisema ni jini. Mwingine alisema amerogwa. Lakini waliosema kwa uhakika zaidi walikuwa kaka zake wawili. "Mama, hii tumeiona bandani," walimwambia. "Kuna jamaa ana watu zaidi ya ishirini ndani yake. Anabadilika sauti hivihivi. Wa mwisho kutoka ndiye anayeua."

Katika koo nyingi za huku, ziwe za Wamakua, Wayao, Wamwera au Wamakonde, neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake ni zito. Mjomba alisikiliza maelezo ya vijana, akaamua: "Dada, mtoto huyu ni wako na ni wangu. Lakini vyenye makali viondoke, na usiku alale peke yake ghalani." Basi binti akawa analala kwenye magunia, na mlango ukafungwa kwa nje.

Tulipoelezwa hilo tulinyamaza kwa muda. Picha iliyotengenezwa Marekani na watu wasiojua kama Lukuledi ipo ndiyo iliyompangia binti wa Lukuledi mahali pa kulala.

Swali la mjomba

Mjomba mwenyewe hajawahi kukanyaga banda la video. Yote aliyoyajua aliyapata kwa wapwa zake. Alipofahamu kwamba tumekuja kwa ajili ya jambo hilo, alituuliza swali la mtu mwenye busara: "Huyo wa kwenye picha, ni mtu aliyekuwepo kweli, au ni wa kutungwa?"

Jibu lake linahitaji maelezo kidogo, na tunaomba msomaji atuvumilie.

Kwa maelezo ya vijana tuliitambua picha waliyoiona. Ni Split ya mwaka 2016, iliyoongozwa na M. Night Shyamalan. Iligharimu takriban dola milioni 9, fedha chache kwa kipimo cha Hollywood, ikaingiza zaidi ya dola milioni 270. Ndani yake mtu mmoja mwenye nafsi 23 anawateka wasichana watatu, na nafsi ya 24 inayotoka ni ya mnyama mla watu. Ilipoanza kuonyeshwa, watetezi wa wagonjwa wa akili waliilalamikia. Malalamiko hayo hayakufika bandani. Kilichofika ni picha iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja mwenye kipaza sauti, kwa mtindo uliopata umaarufu Dar es Salaam kwa sauti ya Lufufu na waliomfuata, ambapo mtafsiri mmoja husema maneno ya mume, ya mke, ya mtoto na ya muuaji.

Lakini Split ni mjukuu tu. Babu wa picha hizi ni Psycho, ya mwaka 1960. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alikuwa tayari mtu mashuhuri, ila kampuni aliyokuwa akifanya nayo kazi haikuipenda hadithi. Akaamua kuigharimia mwenyewe, kwa takriban dola 800,000. Alipiga picha kwa rangi nyeusi na nyeupe, akatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni waliozoea kufanya kazi haraka, na damu iliyoonekana ilikuwa sharubati ya chokoleti. Hadithi inamhusu kijana anayeendesha nyumba ya wageni kando ya barabara, anayeishi na mama yake mkali. Mwishoni tunaelezwa kwamba mama huyo alikufa miaka mingi iliyopita. Kijana mwenyewe ndiye anayevaa nguo zake, anayesema kwa sauti yake na anayeua kwa kisu akijiona kuwa ni yeye.

Kijana huyo anaitwa Norman Bates, na hakuwahi kuishi duniani. Alitungwa na mwandishi Robert Bloch katika riwaya ya mwaka 1959. Bloch alichochewa kwa sehemu na habari za muuaji mmoja wa kweli wa huko Wisconsin, lakini habari ya sauti mbili ndani ya koo moja aliiongeza mwenyewe. Hadithi ilihitaji mwisho wa kushangaza, naye akaupata hapo.

Mwaka mmoja tu baadaye, William Castle, mtengenezaji wa picha za bei nafuu, akatoa Homicidal kwa ufundi uleule wa mtu mmoja kuonekana wawili. Kabla ya mwisho alisimamisha picha na kuweka saa ya sekunde 45 kwenye pazia, ili mwenye kuogopa atoke na kurudishiwa kiingilio chake. Tangu hapo zimefuata nyingine kwa makumi.

Kwa nini wenye fedha kidogo walilipenda sana jambo hili? Sababu ni za mfukoni. Gari likilipuliwa ni gharama, jeshi la waigizaji ni gharama, lakini sauti kubadilika ni bure. Inatosha nyumba moja, ngazi moja, taa moja na mwigizaji mmoja hodari. Vijana wetu wa bandani huwaita wahusika "steringi" na "adui". Katika picha hizi steringi na adui ni mtu mmoja, na mshahara ni mmoja. Na kwa kuwa picha ya kutisha lazima iwe na mwenye hatia, na mwenye hatia lazima awe yule ambaye hukumtarajia, mgonjwa akageuzwa muuaji. Uamuzi huo hakuufanya daktari. Ulifanywa na mahesabu ya biashara, ukarudiwa kwa zaidi ya miaka 60, mpaka ukaonekana kama elimu.

Tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Watengenezaji wetu wa mwanzo wa picha za video, waliofanya kazi kwa kamera ndogo na fedha za kuokoteza, nao walitambua kwamba hofu ni bidhaa nafuu. Picha za Mussa Banzi kama Nsyuka ya mwaka 2003 na Shumileta zilipendwa sana, na humo chanzo cha hofu si ugonjwa bali ni mzimu au jini. Kijana aliyekulia bandani akiziona zote hubaki na mafunzo mawili: kwamba mwenye kusema kwa sauti ngeni ana kiumbe ndani yake, na kwamba kiumbe huyo anataka damu.

Aliyekuwepo kweli

Tulimweleza mjomba pia habari ya mtu aliyekuwepo kweli.

Mwaka 1957, miaka mitatu kabla ya Psycho, ilitolewa Marekani picha iitwayo The Three Faces of Eve. Ilitokana na kitabu cha madaktari wawili wa Augusta, Georgia, Corbett Thigpen na Hervey Cleckley, juu ya mgonjwa wao: mama kijana aliyekuja na maumivu ya kichwa na kusahau mambo, kisha akaanza kusema nao kama watu tofauti. Joanne Woodward, aliyemwigiza, alipata tuzo ya Oscar. Picha ilimalizika kwa mgonjwa kupona na kuondoka kwa furaha.

Mgonjwa mwenyewe alijitokeza hadharani mwaka 1975. Aliitwa Chris Costner Sizemore. Alieleza kwamba hakupona kama picha ilivyosema. Aliugua kwa miaka mingi baadaye, na nafsi zake zilizidi 20 kabla hajawa mzima katika miaka ya 1970. Picha ilikuwa imetaja chanzo kimoja tu cha ugonjwa, kwamba utotoni alilazimishwa kumbusu bibi yake aliyekufa. Yeye alisimulia makubwa zaidi aliyoyaona akiwa mdogo mno: maiti ya mtu aliyekufa maji, mama yake akivuja damu, na mfanyakazi aliyekatwa na msumeno wa mashine. Sizemore hakuwa muuaji. Alikuwa mke na mama, na aliitumia sehemu kubwa ya uhai wake uliobaki kuwasemea wagonjwa wa akili, hadi alipofariki mwaka 2016.

Wapenzi wa picha za Kihindi watakumbuka pia Bhool Bhulaiyaa ya mwaka 2007, iliyotokana na picha ya Kimalayalam ya mwaka 1993, Manichitrathazhu. Yaliyomo mengine hatuyapendekezi kwa familia, lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo picha za Kimarekani hazina. Mke kijana anaingiwa na hali ya kujiona kuwa mcheza ngoma wa zamani aliyekwisha kufa. Nyumba nzima inatafuta mzimu. Na daktari wa akili, badala ya kumdhihaki kiongozi wa dini aliyeitwa, anashirikiana naye. Mgonjwa anatibiwa mbele ya jamaa zake, na anarudi kuwa mmoja wao.

Basi jibu kwa mjomba likawa hili: aliyeua kwenye picha alitungwa, aliyekuwepo kweli alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulianza kwa yale aliyoyaona utotoni.

Jini, nafsi na jeraha

Msomaji wetu atauliza: na majini je? Sisi ni Waislamu, na kuwepo kwa majini ni katika imani yetu. Hatuandiki makala hii kumvunja mtu imani hiyo. Lakini kuamini kwamba majini wapo si sawa na kuamini kwamba kila sauti ngeni ni ya jini, kama vile kuamini kwamba nyoka wapo si sawa na kusema kila kamba gizani ni nyoka.

Wazee wetu katika elimu walilijua hilo mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya mwili na ya nafsi, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba huzuni, hofu na wasiwasi vina tiba yake. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali kubwa iliyotenga mahali pa wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Hawa hawakuwa watu wa imani haba. Waliichukua amri ya Mtume (s.a.w.) ya kutafuta tiba kama ilivyo.

Madaktari wa leo nao wamebadilika katika jambo hili. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 kikauondoa mwenye jina hilo, kikaupa jina lenye maana ya utambulisho uliomeguka. Badiliko hilo si la herufi tu. Mgonjwa hana watu wengi ndani yake. Ana nafsi moja ambayo vipande vyake havijaungana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeitaja pia hali ya kupagawa, kwa sharti kwamba isihesabiwe ugonjwa pale inapokuwa sehemu ya desturi au ibada inayokubalika kwa watu wa mahali hapo.

Madaktari hawajakubaliana juu ya kila jambo. Wapo wanaosema picha na vitabu vyenyewe viliwafundisha baadhi ya watu namna ya kuugua. Lakini wengi wanaowatibu wagonjwa hawa wanakuta jambo linalojirudia: mtoto aliyedhuriwa, tena mara nyingi na mtu wa karibu, mahali ambapo hakuwa na pa kukimbilia. Asiyeweza kukimbia kwa miguu hukimbia kwa akili. Sehemu moja ya nafsi hubeba yaliyotokea, nyingine husahau ili iweze kuamka asubuhi na kuchota maji, nyingine hushika zamu ya ulinzi. Na jambo ambalo picha haitaki lijulikane ni kwamba mgonjwa wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhuriwa na wengine kuliko kuwadhuru.

Wazee wa Newala, tunadhani, wasingeshangazwa na hili. Katika uwanda wa Wamakonde, lipiko anapotoka na kinyago kichwani na nguo zilizoficha ngozi yote, watoto hukimbia, kwani kwao huyo si mtu wa kijijini. Vijana waliokwisha kupita jandoni wanajua kuna nani chini ya kile kinyago. Hatuzungumzii hapa hukumu ya ngoma hiyo. Wanazuoni wetu wamesema yao. Tunasema tu kwamba hata hapo mtu mzima hutambulikana kwa jambo hili: yeye haishii kwenye sura inayotisha, hujua kwamba chini yake kuna mtu mwenye jina.

Neno la ustadhi

Siku ya ziara yetu alikuja pia, baada ya Alasiri, ustadhi wa madrasa ya kijiji, ambaye alikuwa amemsomea binti kisomo kwa siku kadhaa. Tulitarajia atueleze habari za jini. Alitueleza habari za mlango.

"Nimemsomea, na nitaendelea kumsomea," alisema, "maana Qur'an ni ponyo, na akisomewa hutulia. Lakini nimeona jambo. Mlango ukigongwa hushtuka hata akiwa na akili zake timamu. Yule mwenye sauti ya mtoto anauliza mlango. Yule mkali anasimama mlangoni. Anayeogopa mlango hivi, kuna mtu alipita mlangoni. Mimi ni mwanamume, hawezi kuniambia. Atafutiwe mwanamke, tena mwenye elimu ya hospitali, akae naye."

Mjomba aliinamisha kichwa. Mama alianza kulia bila sauti. Alituambia baadaye kwamba wakati ule ndipo alipokumbuka kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa ameiogopa sauti ya mwanawe, wala hakuwa ameisikiliza.

Juma lililofuata alimpeleka hospitali. Muuguzi mmoja mwanamke alikaa na binti, siku ya kwanza bila kuuliza lolote, siku ya pili kidogo, na siku ya tatu binti akasema. Alilolisema si la gazeti. Itoshe kueleza kwamba lilitokea huko alikokuwa akiishi, kwamba aliyelitenda ni mtu aliyeaminiwa na ukoo mzima, na kwamba chumba alicholazwa huko hakikuwa na kitasa. Yule mwanamke mkali wa usiku, ambaye vijana walisema ndiye atakayeua, kumbe alikuwa mlinzi. Binti alikuwa amejitungia mtu wa kusimama mlangoni kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama pale.

Na aliyemdhuru hakubadilika sauti, hakuanguka, hakujitaja kwa jina jingine. Alikuwa na nafsi moja tu, na watu walimpenda.

Baadhi ya jamaa walitaka yaishe nyumbani kwa kuombana radhi, ili ukoo usiingie aibu. Hapo mjomba, yuleyule aliyeamuru binti alale ghalani, alikataa. Shauri limekwenda panapohusika.

Tunachowaomba wazazi

Tuna maneno machache kwa familia zenye mtihani kama huu.

Kijana anapobadilika ghafla, akasema kwa sauti nyingine, akasahau saa au siku nzima, akaanguka bila homa, msimfungie, msimfunge kamba wala mnyororo, na msimrekodi kwa simu mkasambaza kwa watu. Mkimsomea kisomo, msomeeni kwa upole; hakuna aya inayohitaji fimbo. Mpelekeni pia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako wataandika rufaa ikibidi, ya hospitali kama Mkomaindo iliyopo Masasi mjini, na kwa yanayozidi, ya Mirembe, Dodoma. Kifafa, malaria ya kichwani na maradhi mengine ya mwili nayo huweza kumbadilisha mtu, kwa hiyo apimwe kwanza.

Kisha muulizeni, kwa faragha na bila kumshurutisha, kama kuna aliyemtisha au kumdhuru. Akisema, mwaminini. Ofisi za ustawi wa jamii zipo katika halmashauri, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto hata dhidi ya ndugu zake.

Kuhusu picha, hatusemi kila picha ni haramu. Tunasema kwamba mlango wa banda la video aghalabu haumuulizi mtoto umri wake, na mzazi asipouliza, hakuna atakayeuliza. Ulizeni watoto wameona nini. Wakisema wameona mgonjwa aliyeua, waelezeni kwamba muuaji huyo alitungwa kwa sababu hofu huuza tiketi.

Kisu kinarudi

Miezi kadhaa baadaye tulipita tena Lukuledi. Binti bado anatibiwa. Zipo siku mbaya, na yule mkali bado huja baadhi ya usiku, ingawa hakai muda mrefu. Halali tena ghalani. Analala na mama yake, na mlango wa chumba una komeo jipya kwa ndani, alilolipigilia kaka yake mkubwa, yuleyule wa bandani.

Tulikaa chini ya mwembe uleule. Mjomba alikuja na funguo zake, akaingia ndani, tukasikia sanduku likifunguliwa. Alitoka na kisu cha jikoni amekishika kwa upande wa makali, akamwelekezea mpwa wake mpini.

"Haya mama," alimwambia, "tumenyee mihogo. Wageni wana njaa."

Binti alikipokea, akaenda kuketi kando ya mama yake, nao wakamenya pamoja. Mama hakutuuliza tena lile swali lake. Tulikula tukashiba, alhamdulillahi, na mihogo ilikuwa mitamu.